Cheti cha Ganza wa Kwanza

Swafiya, fundi cherehani wa Remera, alikuwa na mtoto mmoja aliye hai, na cheti cha kuzaliwa ambacho hakikuwa cha mtoto huyo.

Mwanawe Ganza alikamatwa Masoro pamoja na wanaume watatu waliovunja ghala na kumjeruhi mlinzi. Kitambulisho cha Ganza kilisema ana miaka kumi na tisa. Wakili Mugeni, aliyekulia Tanzania, alimweleza Swafiya kwamba kesi nzima imesimama hapo: kama alikuwa hajatimiza kumi na minane siku ya tukio, atapelekwa mahakama ya watoto; kama ametimiza, atahukumiwa pamoja na wale watatu na kufungwa nao.

"Mama, niambie kweli. Ana mingapi?"

Swafiya alikunja upya kitambaa kilichokwisha kukunjwa. "Kumi na saba."

Ganza wa kwanza alikufa kwa malaria, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Majirani walimzika siku ileile, na mama hakwenda kuandikisha kifo. Baada ya miezi minane alijifungua mwingine wa kiume, akampa jina lilelile. Cheti cha yule wa kwanza kilikuwapo, akakitumia. Hakuona kosa; aliona mtoto amerudi.

Mugeni alipata mstari mmoja katika kitabu cha mazishi cha msikiti: Ganza, mtoto wa Swafiya, na tarehe ya kuzikwa. Mahakamani, mwendesha mashtaka alitabasamu, akasema akina mama hukumbuka mengi wiki ya kesi.

Jaji alimuuliza Swafiya kama mtoto wa kwanza alikufa. Akajibu kwamba alizikwa. Jaji akauliza tena. Kwa miaka yote hiyo Swafiya hakuwahi kulitamka neno hilo, na kizimbani Ganza, ambaye hakujua lolote, alikuwa akimtazama.

"Alikufa," alisema.

Baada ya saa moja jaji alisoma uamuzi: kesi ya Ganza iende mahakama ya watoto, na mama akarekebishe kumbukumbu. Askari walipokuwa wakimtoa, kijana aligeuka.

"Mama, sasa mimi naitwa nani?"

Mlango ulifungwa kabla hajapata jibu.

Kesho yake, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, karani aliuliza jina la marehemu. Ganza, alisema Swafiya. Na la huyu anayeandikishwa upya?

"Ganza."

Karani akainua kichwa. "Wote wawili?"

"Wote wawili. Andika."