Jiwe la Saba

Enyi wakazi wa dunia, jueni kwamba sayansi ya matetemeko ya ardhi ilinikabidhi mimi, mwanafunzi wa bweni, jukumu zito. Jukumu lenyewe lilikuwa kubeba mkoba wa mawe ya shangazi.

Shangazi hupima umri wa maporomoko ya kale. Humega kipande juu ya kila jiwe kubwa lililoanguka, na maabara humwambia lilianza lini kuliona jua. Mawe ya miteremko mbalimbali yakiwa na umri mmoja, basi yaliangushwa na tetemeko moja.

Likizo iliyopita alinituma nikamege jiwe la saba, lile lililo juu ya nyumba ya bibi. Mlima ulikuwa mkali, nami nilitaka kujua kama mashine ghali namna ile hudanganyika. Nikaokota kipande kando ya barabara mpya. Nilipanga kumcheka kabla hajakipeleka maabara, lakini shule ikafunguliwa.

Juzi, nikiwa likizo tena, majibu yalifika. Mawe sita yalianguka miaka elfu nne iliyopita. La saba, ni kama limeanguka jana.

Shangazi alisema mteremko ule bado haujatulia, na bibi ahame kabla ya mvua. Bibi akabisha: amezaliwa pale, na hajasikia hata kokoto ikipiga hodi.

"Mama, jiwe halina sababu ya kuniongopea," shangazi akamjibu.



Leo bibi ameanza kufungasha. Alilikunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja tena. Nikajiambia nitasema baada ya chai. Chai ikaisha. Nikajiambia baada ya kuosha vikombe, nami kwa kawaida vikombe huvikimbia kama deni.

Shangazi akatoa kipande cha jiwe la saba kilichobaki, akakigeuzageuza dirishani. Kisha akakiweka mbele yangu, akapitisha kidole kwenye mfereji uliokuwa ubavuni, mnyoofu kama bomba lililopasuliwa.

"Hili ni tundu la baruti ya kupasulia miamba," alisema polepole. "Tetemeko gani hutoboa mawe kwa mashine, baba?"

Nilitafuta uongo. Ninao wa kila msimu. Hakuna uliotosha.

"Ni la barabarani. Sikupanda, shangazi."

Bibi akauliza, sasa ahame au akae. Shangazi akajibu kwamba hajui, hatajua mpaka jiwe lenyewe limegwe na kupimwa.

Bibi akanigeukia, shuka mikononi. "Na wewe ulikuwa unaniangalia tu nikifungasha?"

"Nimejua tangu juzi, bibi. Niliogopa."