Mlolongo Uliofika Kiminini

Moyo wangu nimeuona kwa macho yangu mawili. Daktari Kipkemboi anabisha, ati nilikuwa nimelala fofofo. Aache abishe. Ulikuwa mkubwa kama kabichi ya Kachibora, na walipoufungua ukageuka ukaniuliza, "Mukhisa, kumbe ni wewe umekuwa ukinisumbua?"

Hilo mnaweza kulikataa. Lakini yanayofuata yana mashahidi watano, na yako kwenye simu ya binti yangu Pauline. Mimi mwenyewe nimeyatazama mara tisa.

Nilipasuliwa Kitale, katika hospitali ambayo madaktari wa moyo walikuwa wamepiga kambi kwa wiki mbili. Vali yangu moja, ule mlango wa damu moyoni, ilikuwa imechoka. Wakaitoa, wakanitilia nyingine iliyoshonwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Niliposikia ni ng'ombe nikamwomba daktari achague fahali, asinitilie mtamba nikaanza kutafuta malisho. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Hapo ndipo alipoanza kunizoea, na hiyo ndiyo karibu iniue.

Sababu mimi ni mtu wa hadithi. Miaka ishirini na tisa nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mahindi, na mtu anayetazama mshale wa mizani kutwa nzima lazima atafute la kusema. Hadithi yangu kubwa ni ya josho. Bungoma nzima wanaijua. Mwaka wa themanini na tisa, pale kwetu Naitiri, nilisimama kuwa mwenyekiti wa josho la ng'ombe, pale wanapoogeshwa dawa ya kupe. Mpinzani alikuwa Sifuna. Kura ilikuwa ya mlolongo: wagombea wanasimama uwanjani, kila mtu anajipanga nyuma ya yule anayemtaka, wanahesabiwa. Basi, mlolongo wangu ulitoka Naitiri ukafika Kiminini, wilaya nyingine! Wa mbele wakihesabiwa, wa nyuma walikuwa kwenye steji ya matatu Kiminini wanakula mahindi ya kuchoma. Sifuna alipoona hivyo akafungulia nyuki. Watu wangu wakatawanyika, akatangazwa yeye. Hivyo ndivyo nimeisimulia kwa miaka thelathini na tano, na kila mwaka nyuki wanaongezeka.

Sasa twende siku ya tatu baada ya upasuaji, asubuhi, jua limeshaingia wodini. Muuguzi Nangila akaja na bakuli la uji. Nangila ni wa Bungoma kama sisi, na mdomoni mwake ile l na ile r zinabadilishana viti zinavyotaka.

"Mzee Mukhisa, amuka. Saa ya kura imefika."

Alitaka kusema kula. Siku nyingine ningeelewa, maana hata mimi naongea hivyo hivyo nikiwa na haraka. Lakini asubuhi ile kichwa changu kilikuwa na ukungu wa Mlima Elgon. Siku mbili sikuwa nimelala vizuri, miwani yangu ilikuwa ndani ya mkoba wa mke wangu Nekesa, na hilo neno kura likaingia sikioni kama filimbi.

Kura! Nikafungua macho. Mashine kando yangu ilikuwa na mistari ya kijani inatembea, nami nikaona watu: mlolongo, wanajipanga! Chini ya kitanda kulikuwa na ile chupa inayopokea maji yanayotoka kifuani kwa mpira. Nikaona sanduku. Ile titi-titi ya mashine nikasikia karani anahesabu. Na kifuani nimebeba vali ya ng'ombe. Ng'ombe mgeni anapelekwa wapi kwanza, kama si josho?

"Laini ni mbili!" nikapaza sauti. "Hakuna kusukumana! Wewe wa blanketi, simama!"

Wa blanketi alikuwa Waithaka, mkulima wa viazi kutoka Kachibora, naye amepasuliwa juzi yake.

"Mimi siko kwa rejista ya hapa, bana," Waithaka akajibu, anafurahia. "Kura yangu iko Kachibora."

"Basi wewe ni mwangalizi. Andika!"

"Niandike na nini? Hata kalamu hamjanipa. Uchaguzi gani huu?"

Pauline alikuwa amekaa kwenye kiti, tayari simu iko juu. Kwenye video unaisikia sauti yake ikifa kwa kicheko: "Wueh! Baba amerudi! Mama, si huyu ni Baba kabisa?"

Nekesa alikuwa dirishani, anamimina chai. Anatabasamu.

Daktari Kipkemboi akaingia. Akasimama miguuni pangu.

"Mzee, uko wapi saa hii?"

"Joshoni."

"Unafanya nini joshoni?"

"Nimeleta vali yangu ioge. Ni ya ng'ombe. Imejaa kupe."

Waithaka akashika kifua chake kwa mto, akaomba nisimchekeshe, nyuzi zitakatika. Daktari akamgeukia Pauline.

"Huwa anaongea hivi?"

"Daktari, huyo ndiye yeye. Siku tunakuja aliambia askari wa getini ati aliwahi kupima gunia akakuta ndani kuna mvua ya Aprili nzima, kilo tisini."

"Na mimi aliniambia habari ya mtamba," daktari akasema, anacheka. "Sawa. Ana moyo wa furaha. Nangila, mpe uji, nitampitia mchana." Akaelekea mlangoni.

Hapo ndipo nikatangaza matokeo. Kwenye video nimekaa wima, uso umenilowa jasho, mkono juu kama msimamizi.

"Sifuna, thelathini na mmoja! Mukhisa, kumi na saba!"

Pauline bado anacheka. Lakini kwenye kona ya picha unamwona Nekesa, na chai inamwagika kando ya kikombe.

"Nyuki hakuna," nikaendelea, sauti imeshuka. "Tumeshindwa mchana kweupe. Na yule wa thelathini na mmoja, nyuma kabisa ya Sifuna, amejifunika leso ya bluu. Ni Nekesa. Nimemwona. Msimwambie kama nimemwona."

Kisha nikashika ule mpira wa kifuani, nikateremsha mguu mmoja kitandani. Vali lazima ioge.

"Daktari, rudi!" Nekesa aliita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, hata siku nyumba yetu ilipoezuliwa na upepo. "Rudi! Huyu mtu ni mgonjwa! Anasema ukweli!"

Nangila akanirukia, akanishika kifundo cha mkono. "Mzee, achiria! Achiria huo mpira!"

Daktari akarudi mbio, mimi napigania vali yangu. "Mama, sikuelewi. Ukweli ni dalili?"

"Kwa huyu, ndiyo!"

"Mama, si hadithi zake tu?" Pauline akasema.

"Nyamaza wewe! Miaka thelathini na tano nalala na huyu mtu. Hajawahi kutoa hiyo hesabu. Hajawahi kushindwa na Sifuna bila nyuki!"

"Lakini utajuaje ndiyo hesabu yenyewe?" daktari akauliza, amenibana bega. "Labda hii nayo ameitunga."

Nekesa akamtazama Pauline. Akamtazama Waithaka, ambaye alikuwa amenyanyua shingo yote asipitwe. Kwenye video anapumua mara mbili. Mke wangu ni mama wa kanisa, mweka hazina wa kina mama, na mbele ya Sifuna mwenyewe alikuwa ameapa kwamba alisimama nyuma ya mumewe.

"Sababu nilikuwa hapo," akasema. "Nyuma kabisa. Leso ilikuwa ya bluu. Nilimpigia Sifuna."

"Mama!" Pauline akasema, na simu ikaanguka. Tangu hapo video ni dari tu na sauti.

"Ng'ombe wetu alikuwa mmoja, Pauline! Baba yako angechanganya hiyo dawa ya josho kwa makadirio, amuue! Daktari, mpime! Nimejiaibisha bure?"

Hakujiaibisha bure. Nilikuwa na homa inapanda, mapafu yameanza kushika maji na uchafu, na damu yangu haikuwa inapata hewa ya kutosha. Kuchanganyikiwa kwangu ndiko kulikotangulia kugonga mlango, na wote walidhani ni kicheko. Daktari akasema huwapata wengi baada ya kupasuliwa moyo, hasa wazee. Akautaja kwa jina la Kizungu, diliriamu, ambalo mimi nilisikia kama jina la dada wa kwaya. Ningeuchomoa ule mpira, au wangengoja mpaka mchana, leo mngekuwa mnasimuliana nyinyi.

Wakanipa hewa, wakanitundikia dawa ya mapafu, wakapunguza ile ya maumivu iliyokuwa inanilevya. Nekesa akanivisha miwani, pazia likafunguliwa lote, saa ya ukutani ikasogezwa niione. Akakaa ubavuni, kila baada ya muda ananiambia: "Baba Pauline, uko Kitale. Leo ni Alhamisi. Hakuna kura."

Lakini watajuaje nimepona? Daktari alikuwa na maswali yake ya vitabuni. Nekesa alikuwa na lake moja.

Siku ya kwanza akaniuliza, "Mlolongo wako ulifika wapi?"

"Watu kumi na saba," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Bado."

Siku ya pili nikajibu: "Ulifika geti la josho. Labda kwa duka la Sellah, pale jirani."

"Anakuja, anakuja," Waithaka akasema.

Siku ya tatu walikuwa wamenizunguka wote, daktari ameshika faili, Nangila ameshika uji, Pauline simu. Akili ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Nikajiweka sawa kwenye mto.

"Ulifika Kiminini!" nikasema. "Na wa nyuma walikuwa wanakula mahindi!"

Wodi ikalipuka. Nangila akapiga kigelegele, Waithaka akapiga makofi kwa kidole kimoja kimoja kuokoa nyuzi zake. Daktari akaandika kitu kwenye faili, sijui aliandika Kiminini au nini.

Nekesa peke yake hakushangilia. Alikuwa anakunja pindo la leso, hanitazami.

"Na mimi, Baba Pauline?" akauliza polepole. "Mimi nilisimama wapi siku hiyo?"

Nikamtazama vizuri, miwani iko machoni.

"Wewe? Wewe ulikuwa wa kwanza mgongoni kwangu! Umenishika shati hivi, na nyuki walipokuja ulikataa kuachilia. Kipande cha shati ukaenda nacho mpaka nyumbani."

Akafunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa akilia au akicheka.

"Daktari," akasema kutoka humo ndani, "andika amepona. Tunarudi Bungoma."