Tumbo la Monsenyeri

Ninahazwe alijua vita vimerudi nyumbani mwake kabla hajasikia risasi hata moja siku ile. Alijua kwa mguu. Alishuka kitandani asubuhi, akakanyaga kitu cha uvuguvugu chenye utelezi, akafumba macho, akasema:

"Monsenyeri, tena?"

Monsenyeri alikuwa paka. Mweusi mwili mzima, ila shingoni alikuwa na ukosi mweupe, na alitembea polepole kama mtu anayebariki waumini kushoto na kulia. Katekista wa mtaa wao wa Mulongwe alilalamika sana juu ya jina hilo la kiaskofu, mpaka siku paka alipomkamatia panya ndani ya sakristia. Tangu hapo akanyamaza.

Mwaka uliopita paka huyo alitapika na kuharisha hadi akabaki ngozi na masharubu. Octave, daktari wa mifugo wa Kavimvira, mtu aliyezoea ng'ombe, alimpa kwanza dawa ya minyoo. Wapi! Akampapasa tena tumbo, akatikisa kichwa.

"Mama, matumbo yake yanavimba yenyewe. Askari wa mwili wake wamegeuka, banapiga nyumba yao."

"Basi ni sawa na sisi."

"Ni sawa na sisi. Na hii ugonjwa haiishake, inalala tu. Kazi yako ni kutoiamsha."

Akampa vidonge vya kutuliza uvimbe, robo kwa robo, vya kupunguzwa taratibu na si kukatwa ghafla. Akatoa na amri: paka ale nyama ya namna moja tu, ile ambayo tumbo lake halijawahi kugombana nayo. Ndipo wakachagua dende, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa jikoni na kulia wii-wii katikati ya kuni. Dende wa kuchemsha, bila chumvi, bila mawese. Na samaki? Samaki hapana. Hata kichwa, hata mchuzi.

Mtaa mzima ulicheka. Paka wa kando ya ziwa asiyekula samaki!

"Weye unatesa kiumbe ya Mungu," alisema Sabine, jirani yake muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. "Paka bila ndagala ni padri bila divai!"

Ninahazwe aliwaacha wacheke. Alichemsha dende wake, akapunguza vidonge mpaka vikaisha, na Monsenyeri akanenepa, akang'aa, akaanza tena kubariki watu.

Kisha bunduki zikaanza kulia milimani, na Bamwana Gaspard akashuka kutoka Rurambo.

Gaspard alikuwa baba wa Eliane, na Eliane ameolewa na Gracien, mtoto wa Ninahazwe. Vijana wenyewe walikuwa wamekimbilia Bujumbura. Wazazi wa mume na wazazi wa mke huitana bamwana, na neno hilo si la mchezo. Mbele ya bamwana hukohoi ovyo. Hamli pamoja, mgeni anaandaliwa sebuleni peke yake. Na chakula cha bamwana hukikatai, hata kama ni jiwe la kuchemsha.

Mzee alifika na fimbo yake ya kuchungia, koti zito la baridi ya milimani, na kofia. Ninahazwe akataka kumheshimu kama watu wa ziwani wanavyoheshimu mtu. Akamkaangia ndagala kwa mawese, kilima kizima juu ya sahani, na ugali pembeni. Gaspard aliitazama sahani ile muda mrefu. Ninahazwe akadhani anasali, akatoka. Aliporudi, sahani ilikuwa nyeupe.

"Kumbe bamwana anapenda ndagala!" alijisemea kwa furaha. Kesho yake akaongeza kilima. Sahani nyeupe. Keshokutwa akaongeza tena.

Na sasa hii, chini ya mguu.

Ninahazwe akafikiri na kufikiri. Dende ni wale wale, maji ni yale yale. "Ni masasi ya ku milima," akamwambia paka. "Inakutiya woga." Lakini paka alikuwa amelala kando ya majivu, mbavu zinahesabika, hataki hata kujilamba ukosi. Katika kukimbia na kurudi kwa miaka yote ya vita, paka huyu ndiye aliyekuwa kwenye kapu lake kila mara. Akamtia kapuni tena, akachota kidogo cha alichokanyaga, akakitia kwenye kopo la margarini, akashika njia ya Kavimvira.

Kwenye barieri ya darajani askari akamsimamisha.

"Mama, iko nini mu kopo?"

"Mavi, afande."

"Unanichekeleya?"

"Mavi ya Monsenyeri, afande. Ni mugonjwa. Napelekeya munganga."

Askari akamwita mwenzake. Mwenzake alikuwa Mkatoliki, akavua kofia. "Monsenyeri anagonjwa tangu lini?" akauliza kwa huzuni. Lakini wa kwanza hakuamini. Mama mwenye kopo la margarini wakati wa njaa, aseme ni mavi? Akalinyakua, akafungua, akaingiza pua.

Daraja zima lilimsikia. Wenzake walicheka hadi bunduki zikawateleza mabegani. "Pita, mama! Pita!" alilia yule askari, machozi yanamtoka. "Na usirudiye njia hii na kopo!"

Octave hakucheka. Alimpima paka mkononi, uso wake ukaanguka.

"Amepunguka sana. Na vidonge nilivyobaki navyo ni kidogo. Njia ya Bujumbura imefungwa." Akachokoa ndani ya kopo kwa kijiti, akasimama. "Mama. Hii ni jicho."

"Jicho?"

"Jicho ya ndagala. Inakuangalia. Na hii ni mufupa ya mugongo wake. Kama samaki haitaisha leo, mara hii tumbo haitamwachiliya Monsenyeri. Dawa bila kufunga mudomo ni kuteka maji na kitunga."

Ninahazwe alirudi akiwaka, akaenda moja kwa moja kwa Sabine.

"Ni weye unapatiaka paka yangu samaki!"

"Minye?" Sabine akashika kiuno. "Ndagala yangu nauzisha, dada! Hata bwana yangu nayeye ananunuaka! Kikulacho ki nguoni mwako. Angalia mu nyumba yako."

Jioni Ninahazwe akaandaa kilima cha ndagala kama kawaida, akasema karibu, akatoka akiburuta kandambili ili asikike. Kisha akazivua, akarudi kwa vidole, akachungulia pembeni ya pazia.

Bamwana Gaspard alifanya ishara ya msalaba. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Pss, pss." Akashika ndagala mmoja kwa ncha ya mkia, mkono umenyooka, uso umegeukia ukuta kama mtu aliyeshika nyoka.

"Nisaidie, mwanangu," alinong'ona. "Kwetu ku Rurambo tunakunywaka maziwa. Hivi vitu viko na macho! Kula mbio, mama asikuye kutuona."

Na Monsenyeri, mgonjwa vile vile, akapokea akiwa amefumba macho, kwa ibada kubwa.

Ninahazwe alijiziba mdomo kwa kitenge. Alikimbilia jikoni, akaketi katikati ya dende, akacheka hadi wote wakalia wii-wii. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, paka hawakumtaja!

Lakini atasemaje? Bamwana haulizwi amekula nini. Akajifuta machozi, akavaa kandambili, akakohoa tangu mlangoni, akaingia.

"Bamwana, niko na habari mubaya. Munganga amekataza samaki mu nyumba hii. Juu ya paka."

Gaspard akasimamisha mkono hewani. "Samaki... ndagala?"

"Na mikeke, na samaki yote. Unisamehe, weye unayependa sana."

"Na itafanya siku ngapi?"

"Hii ugonjwa haiishake, bamwana. Ni ya maisha."

Mzee akavua kofia, akajifunika nayo uso. Mabega yalimtikisika. "Ni mateso," akasema kutoka ndani ya kofia. "Lakini juu ya mugonjwa, nitavumilia. Maharage tu inatosha. Na kama maziwa iko, sitakataa."

Kisha akashusha kofia kidogo, jicho moja likatokea. "Bamwana... uliniona?"

"Minye? Minye nilikuwa mu jikoni."

Wakatazama pembeni wote wawili, kila mmoja akiuma mdomo, kwa heshima.

Tangu jioni ile Gaspard ndiye aliyefungua kinywa cha paka, kwa mkono wa mtu aliyenywesha ndama dawa tangu utotoni, naye Ninahazwe akitumbukiza robo ya kidonge. Dende wa kuchemsha, maji safi, basi. Na asubuhi Monsenyeri alipoacha kwenye majivu kitu kigumu, kizuri, chenye umbo, Ninahazwe alipiga kigelegele. Gaspard akaja mbio na fimbo yake, wakasimama juu yake wakikitazama kama mjukuu wa kwanza.

Paka akarudisha weupe wa ukosi wake, na mzee akanenepa kwa maharage. Jumapili moja Sabine akaja na mukeke mkubwa wa kuchoma, zawadi ya mgeni. Gaspard akasimama, kofia kifuani.

"Aksanti sana, mama. Lakini munganga alitukataza."

"Alikataza nani?"

"Minye na Monsenyeri."