Kipande cha Tatu

Otilia alikuwa amefuma vipande viwili vya vazi lake la kuzikiwa macho yalipomwisha nguvu. Vazi hilo, huipili, lina vipande vitatu vinavyoshonwa ubavu kwa ubavu, na wanawake wa Suljaa, mji wetu, wanaokuja kumvika maiti hulitazama vazi kabla ya kuutazama uso. Kipande cha mkono mwingine wangekitambua papo hapo.

Mimi ni jirani yake. Nafundisha shule ya msingi, na kufuma najua, kwa hiyo nilijitolea.

"Wewe, mwalimu?" Alicheka. "Unavyogonga uzi, mtu atadhani unapasua kuni. Nimfuate marehemu mume wangu nikiwa nimevaa gunia?"

"Basi nani?"

"Zeferina. Mkono wake ni wangu."

Zeferina, mtoto wake wa pekee, alikuwa na mwaka wa tisa akichuma nyanya kaskazini. Hakuwahi kurudi hata mara moja. Otilia alifunga kipande kimoja kiwe mfano, pamoja na uzi wote uliobaki. Ulikuwa wa pamba ya rangi ya udongo, iliyotoka shambani kwa marehemu mumewe. Siku hizi shamba lile linalisha ng'ombe, na uzi ulitosha kipande kimoja tu. Wachumaji walioondoka Oktoba waliuchukua mzigo huo.

"Akimaliza atakileta mwenyewe," aliniambia. "Kitu kama hiki hakitumwi."

Kilitumwa. Nilikipokea stendi ya mabasi mwezi Machi, kimekunjwa pamoja na kile cha mfano. Nilivilinganisha mezani kwake: upana sawa, maua kumi na saba kila upande. Nilimwambia kuwa ni kizuri, na ndivyo kilivyokuwa.

Otilia alikilaza mapajani, akapitisha kidole gumba ukingoni toka juu hadi chini. Akarudia. Chapati ya mahindi iliungua jikoni, asiigeuze.

"Hapa ukingoni unaona nini, mwalimu?"

Otilia hurudisha uzi wa ukingoni mara mbili kila ua linapoanza. Alifundishwa hivyo na mama yake, naye akamfundisha Zeferina akiwa na miaka minane. Katika kipande hiki uzi ulirudishwa mara moja, kote.

"Labda amesahau," nilisema.

"Angesahau hapa, akakumbuka pale. Huyu hakosei. Huyu ni mwanamke mwingine, tena fundi kuliko wewe."

"Hilo si gumu."

Hakucheka.

Jumapili Zeferina alipiga simu yangu, nikampa mama yake. Otilia huishika simu mbali na sikio, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, umekipata?"

"Nimekipata, mwanangu."

"Kimekufaa?"

"Kimenifaa."

Nyuma ya Zeferina kulikuwa na redio, na wanawake wakizungumza lugha nisiyoijua.

"Kimenichukua miezi mitatu, mama. Mgongo wote unaniuma."

"Pole, mwanangu. Unakuja lini?"

"Mavuno yakiisha."

"Haya."

Nimewauliza waliokwenda huko. Mavuno hayaishi; shamba moja likimalizika, wanahamishiwa lingine. Otilia anawajua watu hao hao, na amewauliza pia.

Alinirudishia simu.

"Upana huu unauweza?"

"Nauweza."

"Usigonge sana. Wakiuliza ni mkono wa nani, uwaambie ni wako."

"Nitajitahidi. Lakini uzi hakuna."

"Upo," alisema, akakivuta kile kipande kizuri mapajani.

Alitafuta ncha ya mshindio, uzi unaopita mlalo, kwa ukucha, akaipata, akaanza kufumua. Kazi hiyo haihitaji macho. Kufikia saa kumi alasiri alikuwa amefumua upana wa kiganja, na donge la uzi lilikuwa na ukubwa wa limau. Nilijitolea kumzungushia donge. Alisema kazi hiyo inamtosha mtu mmoja, nami nikaenda kusahihisha madaftari.