Nafasi ya Fadhiya

Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi, Mwalimu Rispah alikuwa mezani akiandika historia ya Shule ya Maria wa Theluji, iliyokuwa inatimiza miaka mia moja kisiwani Mombasa. Alikuwa amefika pale pa kusema kwamba shule haijawahi kumfungia mtoto mlango, mlango ulipobishwa.

Aliingia Mzamil, mshonaji kofia wa mtaa wa Kuze, mzee wa ndevu nyeupe, amemshika mkono msichana wa miaka tisa.

"Salaam aleikum, mwalimu. Nimemleta nyanya yangu, Fadhiya. Aliambiwa asubiri nafasi ya darasa la tatu."

Msichana akatoa barua ya mwaka 1934. Ilisema viti vimejaa, kikipatikana ataitwa. Rispah akafungua daftari la mwaka huo. Viti vilikuwa ishirini na watoto kumi na mmoja, wote Wazungu.

"Alifariki lini?"

"Elfu mbili na sita. Juzi alfajiri karudi, kavaa viatu, auliza kama shule imefunguliwa."

Musyoka, karani, alitaka cheti cha kuzaliwa. Hakikuwepo, ila Mzamil alikuja na cha kifo. Musyoka akakisoma pande zote mbili, akasema kitafaa, kwani kina jina na muhuri.

Mwalimu mkuu, Sista Kate, alifurahi. "Karibu sana, mwanangu. Picha yako itapendeza kwenye kitabu chetu." Kisha akaulizia darasa la tatu. Viti vilikuwa arobaini, vyote vina wenyewe. Cha mwisho alikuwa amepewa, Ijumaa iliyopita, Wendy, binti yake Rispah, ambaye mtihani wa kuingia ulimshinda mara mbili. Musyoka alilijua hilo, naye akatazama dirishani.

"Mwalimu Rispah, una la kusema?"

Rispah alikumbuka alivyobembeleza mwaka mzima kukipata kiti kile.

"Sina, Sista."

Fadhiya akaelekezwa kwenye benchi la barazani, nje ya darasa.

"Nenda kashone, mjukuu wangu," akamwambia Mzamil. "Kungoja nimezoea."

Alikuja kila siku. Wakati wa mapumziko Rispah alitoka na chaki akamfundisha hesabu, na Fadhiya akazishika upesi kuliko darasa zima. Siku moja akauliza:

"Yule wa kiti cha nyuma, mwalimu, ni nani?"

"Binti yangu."

"Mwambie asiikandamize kalamu. Mkono utamuuma."

Rispah akaitikia kwamba atamwambia. Akaenda chooni, akanawa uso, akarudi kufundisha.

Wiki ya pili alikuja Mejumaa, aliyeambiwa asubiri mwaka 1951. Alhamisi akaja Ummukulthum, wa mwaka 1960, na mwenzake kutoka Makupa ambaye barua yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Fadhiya alisogea, akasogea tena, mpaka hapakuwa na pa kusogea.

Bodi ilikutana kulijadili jambo hilo, ikakubaliana kwamba haifai watoto kusimama juani. Fundi akaitwa, akatengeneza benchi la pili, la mvule, lenye pahali pa kuegemea. Siku ya sherehe padri alilinyunyizia maji ya baraka, na wageni wote wakapiga makofi. Rispah alikuwa mstari wa mbele, na alipiga makofi kwa muda mrefu kuliko wengine.