Mgonjwa Aliyesema Wakati Wowote

Kazi yangu ni kukosoa mipango. Usinicheke, ni kazi kweli na ina mshahara. Kila jioni mashine ya kituo chetu hupanga ziara za kesho: muuguzi yupi aanzie nyumba ipi na amalizie ipi, kuwachoma sindano ya maumivu wagonjwa ambao hospitali imewarudisha nyumbani kwa kuwa haina la kuwafanyia tena. Asubuhi naupitia mpango huo na kuupa alama. Kuna mambo ya lazima, kwa mfano muuguzi asipangiwe nyumba mbili kwa saa moja. Halafu kuna matakwa, yaani yale ambayo mgonjwa angependa yakiwezekana, na kila takwa lina uzito wake. Matakwa mengi yakitimia, alama zinapanda. Zilikuwa zikipanda vizuri sana, nasi tukawa tunapongezana.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa Baba. Mimi huondoka nyumbani mapema, nikirudi namkuta ameshachomwa, anatabasamu. Nikimuuliza asubuhi ilikuwaje, husema nzuri. Shangazi, anayeshinda naye, ndiye aliyenivuta jikoni akaninong'oneza kwamba sindano ya jana huisha nguvu kukipambazuka, na mpaka muuguzi afike alasiri Baba huwa anauma shuka asipige kelele.

Nilifika kazini nimefura. Majina ya wagonjwa tunafichwa ili tusipendelee, lakini ramani ipo, na paa la kwetu nalijua. Kila siku nyumba yetu ilikuwa ya mwisho. Kisa nini? Alipopigiwa simu kuulizwa anataka ahudumiwe saa ngapi, mzee alijibu, "Wakati wowote tu, msijisumbue."

Sasa nani asiyetujua sisi? Mgeni anakwambia ameshiba huku tumbo linanguruma. Mwenyeji anajua, anapakua. Mashine haijalelewa hivyo. Ilisikia hana takwa, ikaona kumweka mkiani hakupunguzi alama hata moja. Na hakuwa peke yake. Wapole wote wa mji huu walikuwa mkiani, na mimi hakimu nilikuwa nikigonga muhuri.

Nilimwendea mhandisi nikamwambia bila kupepesa kwamba mashine yake inawaadhibu watu kwa adabu zao. Hakubisha, maskini. Tukaweka kanuni mpya: anayesema wakati wowote ahesabiwe kuwa anataka asubuhi. Kanuni ilikuwa ya haki, ilifaa wengi, lakini siwezi kusema uongo: wakati naiandika nilikuwa namwona mtu mmoja tu.

Kesho yake Baba akawa wa kwanza. Nikarudi jioni kichwa kimenivimba, nikisubiri kushukuriwa. Nilimkuta ameketi kitandani, uso umemsawijika. Akaniambia nikae.

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa. Utingo wake, ambaye mimi namwita baba mdogo, alisafiri naye tangu sijazaliwa, na sasa naye ni mgonjwa kama yeye, upande wa pili wa mji. Kuumwa kwake nilikujua. Kwamba wote wawili wako kwa muuguzi mmoja, na kwamba mmoja akitangulia lazima mwingine angoje, hilo sikulijua. Kila asubuhi hupigiana simu. Leo, Baba aliniambia, Utingo alipiga akashindwa kusema. Aliguna tu mpaka simu ikakatika.

Nilijitetea kwamba aliulizwa achague, akasema wakati wowote.

"Nilichagua," akasema. "Nilisema wakati wowote, mradi yeye atangulie. Yule aliyenipigia akaniambia niseme yanayonihusu mimi tu."

Mashine yetu ina nafasi ya mtu kujitakia. Nafasi ya kumtakia mwenzake haina, na katika kuikosoa kwangu kote sikuwahi kuona kwamba imekosekana.

"Miaka yote ile tulipolala njiani, mimi nililala ndani ya lori," Baba akaendelea. "Yeye alilala nje na mvua yake, akilinda mzigo. Rudisha, mama."

Nililia. Nilimwambia na mimi nina takwa, kwamba asiumie, na kwamba sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hicho.

Akanifuta machozi kwa kiganja. "Najua. Liandike na lako. Lakini lisilizidi langu kwa uzito."

Kanuni niliiacha kwa ajili ya wapole wengine. Kwa nyumba yetu niliandika: alasiri. Nikabonyeza.

Asubuhi iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikakaa kando ya kitanda. Kulipopambazuka maumivu yakaanza, kama Shangazi alivyosema. Baba alinishika mkono akaubana hadi vidole vikafa ganzi. Jasho lilimtoka, nami nilifuta, sikuwa na lingine la kufanya. Kisha simu ikalia. Alivuta pumzi, akapokea, na sauti ya Utingo ikajaa chumbani, nyepesi, ikimtania kwamba muuguzi leo ana mkono laini kuliko breki za lori lao. Baba akacheka. Akamjibu utani kwa utani, akamuuliza kama amekunywa chai, akamwambia yeye hajambo kabisa, akamuaga.

Akanipa simu nihakikishe imekatika. Nilipomwambia imekatika, ndipo akalia.