Shikamoo ya Juu ya Bati

Anselmo alikuwa mtu wa usalama, na kama hukujua, angekuambia mwenyewe. Alikuwa mkuu wa maghala ya korosho ya kampuni moja, ghala moja Masasi na jingine Newala, na mezani kwake helmeti ilikaa mahali ambapo wakubwa wenzake huweka picha ya harusi. Kila asubuhi aliipangusa vumbi. Kuivaa ilikuwa habari nyingine.

Msimu uliopita fundi wa mkandarasi alianguka kutoka paa la Newala akavunjika nyonga. Anselmo alikwenda kumwona hospitali Ndanda, machungwa mkononi, akamwambia, "Halitatokea tena, nakuahidi." Yule fundi akamtazama tu. Mtazamo ule ulimkaa Anselmo moyoni, maana paa lile lile sasa lilikuwa linabadilishwa mabati, na kampuni ilimwachia yeye achague mafunzo ya kuwapa wasimamizi wanaowasimamia wakandarasi.

Walimu waliojitokeza walikuwa wawili. Wa kwanza alitaka ukumbi wa hoteli pale Masasi: projekta, biriani, na cheti chenye nembo ya kung'aa. Wa pili, mama mmoja wa Mtwara aitwaye Happiness, alipiga simu akasema yeye hataki ukumbi. Angekuja ghalani Newala, kwenye kazi yenyewe, kuwafundisha wasimamizi kusimamisha kazi.

"Kusimamisha kazi nako kunafundishwa?" Anselmo alishangaa. "Si unasema tu simama?"

"Unamwambia nani?" Happiness akauliza.

Anselmo alicheka, na jioni akamsimulia mkewe, Mama Flora, wakacheka wote. Moyoni alikuwa ameshachagua biriani. Hata msumari wa kutundikia cheti alikuwa ameupigilia ukutani, ofisini kwake Masasi. Kilichobaki ni picha yake akiwa kazini, ya kuambatisha kwenye pendekezo, kwa hiyo akapanda gari kwenda Newala.

Msimamizi wa kule alikuwa Hamida. Hamida ni Myao, Anselmo ni Mmakua, makabila yenye utani wa jadi, na watani wa huku hawahurumiani. Tangu waanze kazi pamoja hawakuwahi kusalimiana kama watu. Hamida akimwona tu humuuliza kama leo amenawa uso, na Anselmo humjibu kwamba angenawa, ila Wayao wamemaliza maji yote.

Siku hiyo mafundi walikuwa wameshuka kunywa chai. Anselmo akampa simu Mujibu, kiongozi wa mafundi, akamwambia ampige picha na bonde la Ruvuma lionekane nyuma. Kisha akapanda ngazi, helmeti kwapani, kwa sababu ilikuwa inamharibia nywele.

"Shuka!" Hamida alipaza sauti kutoka chini. "Anselmo, shuka! Hapo mbele si bati, ni plastiki ya zamani!"

"Unaogopa nini, Myao? Nikianguka, msibani kwangu si ndiko utakakoshiba?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mujibu alicheka huku akipiga picha moja baada ya nyingine, zote zikatoka zimetikisika. "Nasema kweli!" Hamida akapiga kelele, lakini hivyo ndivyo utani wake wote ulivyoanza, na hapakuwa na mtu wa kumwamini. Anselmo akainua mguu mmoja, tayari kusogea kwenye mwanga mzuri.

Hamida akakunja magoti mbele ya mafundi wote, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Baba Flora."

Anselmo aliganda, mguu hewani. Mtani hampi mtani wake shikamoo, hata wakizika. Akatazama pale alipotaka kukanyaga, akaona chini ya vumbi ufa mwembamba, na ndani ya ufa, mbali kabisa, sakafu ya ghala. Helmeti ikamponyoka. Ikagonga plastiki mara moja, ikaitoboa, ikasikika ikipasuka chini. Ilikuwa kazi ya kwanza helmeti ile kuwahi kufanya.

Alishuka kwa makalio, bati hadi bati, suruali ikachanika, na hakuna aliyecheka. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake, na alipofika chini alimkumbuka yule fundi wa Ndanda, akaona aibu.

Kabla hajaondoka Newala akampigia simu Happiness. "Lile swali lako," alisema, "la unamwambia nani. Njoo utufundishe."

Happiness akaja, sauti yake kama kengele ya shule. Kanuni ya kwanza waliyokubaliana ni kwamba utani utaachwa getini. Kisha akaomba mtu wa kuigiza bosi mbishi juu ya ngazi. Macho yote yakamgeukia Anselmo. Akapanda, na hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuhitaji mazoezi.

"Simama," Hamida alisema, bila kucheka na bila kupiga magoti. "Shuka."

Akashuka mara moja. Mujibu naye akapanda, akasimamishwa, akashuka bila neno. Siku ile Hamida aliisimamisha kazi kweli, mpaka ile plastiki yote ikaondolewa.

Cheti hakikuwepo. Msumari wa Masasi sasa umebeba ya mwisho ya zile picha zilizotikisika, mguu hewani.

Lakini jambo moja lilikuwa likimnyima Anselmo raha. Tangu siku ile ya paa Hamida alimwamkia shikamoo kila walipokutana, na kila mara Anselmo alitazama chini kwanza kuona anakanyaga nini. Alihisi amempoteza mtani. Mafunzo yalipokwisha akatoka nje ya geti, akasimama akijifanya anatafuta funguo za gari.

Hamida naye akatoka. Akampita, akageuka, akamtazama toka juu hadi chini.

"Wewe Mmakua, ngazi unashuka kama mbuzi mwenye mimba. Leo umenawa uso?"

Jibu la maji alikuwa nalo, la miaka yote. Safari hii akaliacha.

"Nimenawa," alisema, na akaufuta uso kwa mkono, maana ulikuwa umelowa tena.